Koti la Baba Lilivyouzwa Baba Akiwa Dukani

Kosa langu la kwanza katika kazi ya kuuza vitu vikuukuu lilikuwa kuuza koti la baba yangu, naye baba akiwa hai, akiwa mzima, tena akiwa mlemle dukani anajaribu kofia.

Naanza na hilo kwa sababu mtalisikia tu. Nyinyi wa darasa la pili mlioanza kumzungukazunguka Mzee Rajabu mkitaka nafasi yangu, afadhali mlisikie kwangu mimi niliyestaafu. Najua mnacheka. Mnasema mtu hajaota hata ndevu, amestaafu nini? Lakini kustaafu si ndevu. Kustaafu ni kuacha kazi huku harufu yake ingali puani, na mimi mpaka leo nikifumba macho nanusa kwapa la Mzungu nisiyemjua. Na niliacha kwa hiari. Hiari ya baba, lakini hiari.

Basi kaeni niwafundishe, kwa sababu Mzee Rajabu mwenyewe hatawafundisha. Atawaangalia mkikosea, halafu atacheka mpaka kofia yake ya vito imdondoke.

Duka lake mnalijua, lile la nyuma ya mtaa wa Wahindi, lenye mlango uliotengenezwa kwa masanduku ya mafuta ya taa. Mbele wanauza kaniki mpya, shuka mpya, majembe mapya. Nyuma kwetu tunauza vitu ambavyo vimeshaishi na watu wengine. Baba yake Mzee Rajabu alitoka pwani, mama yake alikuwa Mmanyema, na yeye mwenyewe hutokea mahali popote panapomfaa siku hiyo. Akija mteja Mwislamu, yeye ni wa pwani. Akija mfugaji kutoka porini, utamsikia anaamkia kwa Kisukuma, "Mwadila," kwa sauti ya mtu aliyekunywa maziwa tangu utotoni.

Mali yetu ilikuja kwa njia mbili. Moja ni treni: marobota ya nguo yaliyofungwa kwa waya, yakishushwa stesheni kama maiti za matajiri. Ya pili ni Wazungu wa dhahabu, wale wanaokwenda pande za Geita kuchimba. Shule haiwafundishi habari za hawa, mwalimu anawafundisha mito ya Ulaya. Mimi nilizijua habari za Geita kuliko mtu yeyote mjini, na sikuwahi kufika huko. Nilikuwa naangalia tu kilicholetwa dukani. Mzungu akianza kuuza gramafoni, ujue dhahabu imeanza kumkimbia. Akiuza beseni lake la kuogea, ujue ameacha kutarajia wageni. Akiuza buti, basi, amekwisha, anarudi kwao. Kofia ile ngumu hawauzi kamwe. Niliwahi kumwona mmoja stesheni anangoja treni kwa miguu mitupu, kofia iko kichwani, na anajibu salamu kama mkuu wa wilaya.

Sasa namna ya kutafuta. Mteja wa duka la vitu vikuukuu hatafuti shati. Shati lipo kwa Mhindi. Anatafuta kitu ambacho jirani yake hana na hatakipata hata akijinyonga. Kwa hiyo usipange vitu vizuri. Nilipoanza nilipanga: makoti huku, suruali kule, viatu jozi kwa jozi. Mzee Rajabu aliporudi kutoka msikitini akasimama mlangoni, akashika kiuno.

"Nani ameniibia duka?"

"Hakuna aliyeiba, mzee. Nimepanga."

"Umepanga ili waone kila kitu na waondoke. Rudisha rundo."

Nikarudisha rundo. Siku hiyohiyo karani mmoja alizama humo mpaka mabegani, akaibuka na fulana ya ndani ya mwanamke wa Kizungu, ile yenye mifupa na kamba za kukaza. Alikuwa na jasho na furaha ya mtu aliyevua samaki mkubwa. Akauliza ni ya nini. Mzee Rajabu akamwambia ni ya kusafirishia kuku. Karani akanunua, na nasikia kuku husafiri ndani yake vizuri sana, hawasumbui.

Hilo ndilo somo la pili: usiseme hujui. Chupa bapa ya mpira tuliiuza kama kibuyu cha maziwa. Kioo cha jicho moja kilikwenda kwa mganga, cha kuangalizia wagonjwa, na wagonjwa wake wakaongezeka. Mwalimu wetu wa hesabu, ambaye simtaji kwa sababu bado ananisahihishia daftari, alinunua suruali fupi za kuchezea mpira akaambiwa ni za kwenda kanisani. Mlimwona Jumapili. Kama mlidhani ni uchamungu, si uchamungu, ni mimi.

Somo la tatu: nusa kwapa, kagua mfukoni, geuza ndani nje. Wengi huangalia nje ya koti. Nje ya koti ni ya watu wa barabarani. Ndani ndiko liliko koti lenyewe.

Na hapo ndipo niliponaswa.

Baba yangu, ambaye kule kwetu Ngokolo wanamwita Baba Kabula kwa jina la dada yangu mkubwa, alikuwa na koti moja jeusi, refu, lenye kola ya manyoyamanyoya. Nyumbani lilining'inia kwenye msumari, nyuma ya kitanda, gizani, nasi watoto tulikatazwa hata kulipumulia. Alilivaa kwa mambo matatu: msiba, baraza la mtemi, na kumdai mtu. Alisema alilipata vitani, wakati alipobebeshwa mizigo Mwingereza akimfukuza Mjerumani. Siku nyingine alipewa na ofisa aliyemvusha mto mgongoni. Siku nyingine alilikuta limetundikwa mtini, halina mtu ndani. Ilitegemea nani anasikiliza.

Wiki ile Kabula alikuwa anaposwa. Mchumba wake, Shija, ni kijana wa Tinde, na wazee wa kwao walikuwa waje Jumamosi na ng'ombe wa mahari. Kabula alimtaka Shija waziwazi. Alikuwa anatwanga huku anaimba, jambo ambalo hatukuwahi kulisikia. Baba akaona koti peke yake halitoshi kupokelea wakwe. Akaja dukani Jumanne kutafuta kofia, koti mwilini ili kofia ilingane nalo.

Alivua koti kwa sababu ya joto. Akaliweka juu ya rundo, mimi nikiwa nje nafungua robota. Akaenda nyuma ya pazia, kwenye kioo, akaanza kubishana na Mzee Rajabu kuhusu kofia gani inamfanya mtu aonekane ana ng'ombe wengi.

Akaingia manju Ngasa.

Kwa wale ambao mama zao wanawafungia ndani wakati wa mavuno, manju ni kiongozi wa ngoma. Na ngoma zetu mnazijua zilivyo. Pande mbili, Wagika na Wagalu, zinacheza uwanja mmoja, wakati mmoja, kila upande na ngoma zake. Hakuna anayehukumu nani amecheza vizuri. Kinachotazamwa ni kitu kimoja: jua likielekea kuzama, watu wamejaa upande gani. Ndiyo maana manju atacheza na nyoka, atacheza na fisi, atacheza amebeba mlango, ilimradi watu wamkimbilie yeye. Na ndiyo maana manju walikuwa wateja wetu wakubwa. Ngasa alikuwa Mgika wa Tinde, mrefu, mwenye pengo la meno alilokuwa analionyesha kama pete.

"Kijana, nataka kitu ambacho Mgalu akikiona atalia."

Nikafanya kama nilivyofundishwa. Nikashika koti la juu ya rundo bila kulitazama nje, nikaligeuza ndani nje. Kwa ndani, kwenye bitana, lilikuwa jekundu. Si jekundu la kawaida. Jekundu la kumfanya ng'ombe avunje zizi. Nawaapia sikulijua. Koti nililolijua mimi lilikuwa jeusi, la gizani, la msumarini. Hili lilikuwa jekundu. Ngasa akapumua kwa nguvu, akalipa bila kubishana, akalikunja akatoka. Nikajiona nimekuwa mfanyabiashara.

Baba akatoka nyuma ya pazia na kofia mpya kichwani. Akatazama rundo. Akatazama tena, kama vile rundo lingejirekebisha.

"Koti langu liko wapi?"

"Koti gani, baba?"

Sitaeleza yaliyofuata papo hapo, isipokuwa kwamba kofia ile mpya ni ngumu sana ikitumika kupiga. Baba alipochoka alimgeukia Mzee Rajabu.

"Rajabu, mwanao huyu ameuza koti langu."

"Mwanangu? Akiuza vizuri ni mwanao, akikosea ni mwanangu?" Mzee Rajabu alikuwa ameshika mlango ili asianguke kwa kicheko. "Baba Kabula, dukani kwangu kilichoko mwilini ni chako, kilichoko juu ya rundo ni changu. Hata mke wangu anajua. Chukua fedha zako hizi, na kofia nakupa bure."

"Sitaki kofia. Nataka koti. Siwezi kupokea wakwe na shati."

"Wakwe wanakuja kumwona binti."

"Binti wanamjua. Wanakuja kuniona mimi."

Jioni akatangaza nyumbani kwamba bila koti hakuna Jumamosi. Atatuma mtu Tinde kuwaambia wakwe wangoje mpaka mavuno mengine. Kabula akaacha kutwanga. Mama alikuwa anachambua choroko, akaendelea kuchambua. Mimi nilidhani nimesahaulika, mpaka Kabula alipopita karibu yangu na mchi mkononi.

"Utakwenda na baba Tinde kwa Ngasa," akasema kwa sauti ya chini. "Ukirudi bila koti, uhamie kwa Rajabu. Ulale kwenye rundo. Labda na wewe atatokea wa kukununua."

Tukaenda, baba na mimi, nusu ya njia kwa miguu na nusu juu ya lori la pamba. Baba hakuzungumza nami. Alizungumza na pamba.

Tulimkuta Ngasa anapakwa mafuta. Alimpokea baba kwa heshima zote, akampa kigoda, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akatikisa kichwa kwa masikitiko.

"Shida ni kwamba nimeshalitia dawa, Baba Kabula. Ya kuita watu. Nimeishona kwenye kola. Nikikupa sasa, watu watakufuata wewe mpaka chooni. Ngoja nicheze kesho, halafu tutazungumza."

"Kesho utalirarua."

"Nitalirarua kidogo."

Kesho yake uwanja ulijaa. Upande wa Wagalu kulikuwa na jamaa anayecheza na chatu shingoni, na kwa kweli alikuwa ameanza kushinda. Halafu Ngasa akatokea na koti la baba ndani nje, jekundu lote, mikia inapepea, anazunguka kama moto uliopata upepo. Watu wakaanza kuhama. Chatu akabaki na bwana wake na vibibi vitatu visivyoona mbali. Mimi moyoni, Mungu anisamehe, nilijivunia bidhaa yangu.

Baba alivumilia mpaka Ngasa alipojitupa chini na kugaagaa vumbini. Hapo akatoka. Sikumwona akitoka. Nilimwona tu yuko katikati ya duara, ameshika mkia wa koti, na Ngasa yuko upande wa pili wa mkia huo.

"Vua."

"Baba Kabula, hapa ni kazini."

"Na hilo ni koti la kazini? Hilo koti limekaa baraza la mtemi. Unaligaagaza na mavi ya mbuzi."

Ngoma zikanyamaza. Ngasa akajua watu wanasikiliza, na manju hawezi kuacha watu wanaosikiliza. Akapaza sauti. "Miaka yote lilikuwa kwako, halikuita hata mbwa. Kwangu siku moja tu limeita Tinde nzima."

"Halikuita kwa sababu lilikuwa na adabu."

Kicheko kikapanda. Wale wachache wa chatu wakaja kuona kuna nini. Mtu akapiga kelele kutoka nyuma: "Utajuaje ni lako?" Na hilo, ndugu zangu, ni swali ambalo baba yangu alikuwa amelingoja tangu vita iishe.

Akaanza kueleza. Alimbeba ofisa kwa maneno, lakini kuvuka mto bila kumbeba mtu ikawa ngumu, akamkamata Ngasa mwenyewe akamtia mgongoni. Akavuka mto. Maji yakamfika magotini, kifuani, shingoni. Baba akatembea kwa ncha za vidole, ameinua kidevu, na Ngasa huko juu, manju ni manju, akaanza kuamuru kwa Kizungu cha uongo. Watu wakashikana mabega kwa kicheko. Mtu akauliza mbona kule Ngokolo husemwa kwamba alilikuta mtini. Baba hakusita hata kidogo. Akamtua Ngasa, akawa mti, mikono juu, kana kwamba koti linaning'inia.

"Sasa lipi la kweli, mto au mti?"

"Yote mawili. Koti lina mikono miwili."

Nikaitwa na mimi kutoa ushahidi. Nikasema ukweli: nilimuuzia Ngasa kwa sababu sikujua ndani ya baba ni nyekundu. Sijui kwa nini walicheka.

Hapo ndipo baba alipotazama mbele na kuona nani ameketi juu ya kigoda, mguu juu ya mguu, fimbo mapajani. Mzee Makoye, baba yake Shija. Mkwe. Mtu ambaye kwa desturi baba hata kula mbele yake hapaswi, sembuse kuwa mti. Baba akaganda vilevile, mikono juu, mdomo wazi. Watu wakadhani ndiyo sehemu ya mchezo. Walicheka hapo kuliko mahali pengine popote. Mzee Makoye peke yake hakucheka. Alimtazama baba kwa muda, akainuka, akaenda zake.

Jua lilipoelekea kuzama mjumbe wa mtemi alikuja kuangalia watu wako wapi. Akaenda kwa Wagalu, akamkuta chatu. Wacheza ngoma wa Ngasa walikuwa wamekaa chini pamoja na watu wengine, wanafuta machozi. Mjumbe akakuna shingo.

"Wagika wameshindwa. Wagalu wameshindwa. Ameshinda huyu bwana mwenye shati. Wewe ni wa upande gani?"

"Mimi nimefuata koti tu," akasema baba, kwa sauti ndogo.

Ngasa akalivua, akampa kwa mikono miwili. "Chukua, Baba Kabula. Kitu kikimpenda hivi mwenyewe, mimi kitaniua." Yule wa chatu alikuwa keshaanza kuuliza bei, lakini baba hakumsikia. Njia nzima ya kurudi alilikumbatia koti juu ya magunia, na safari hii hakuzungumza hata na pamba. Karibu na Ngokolo akasema neno moja: "Ameondoka bila kuaga." Nikajua anamsema Mzee Makoye. Kabula alipotuona tumerudi na koti alipiga kigelegele, na baba akaingia ndani bila kumtazama.

Jumamosi ikafika. Baba aliketi kwenye kigoda chake tangu asubuhi, koti limekung'utwa, limerudishwa upande wake mweusi, limefungwa vifungo mpaka kooni, na jasho linamtiririka. Alitarajia wazee wachache, au hakumtarajia mtu kabisa. Wakaja watu wa Tinde nusu nzima. Wanawake na watoto migongoni, vijana, hata vile vibibi visivyoona mbali. Ng'ombe walikuwa nyuma, wamekosa nafasi. Mama alitazama chungu chake kimoja cha ugali, akatazama umati, akaniambia nikakope vyungu kwa majirani.

Kabula alifungiwa ndani, kama desturi ilivyo kwa anayeposwa.

Salamu zikaisha. Baba akakaa kimya kwa heshima. Mzee Makoye akakaa kimya kwa heshima. Watu wote wakakaa kimya, wanamtazama baba kinywani. Kimya kikawa kirefu mpaka ng'ombe mmoja akalia kwa niaba yetu.

"Mkwe," akasema Mzee Makoye mwishowe. "Tumefika."

"Nawaona, mkwe. Karibuni."

"Sisi tulidhani utaanza."

"Nianze nini?"

Mzee Makoye akatazama pembeni, kama mtu anayeomba chumvi kwenye nyumba ya watu. "Pale mtoni. Siku ile niliondoka mapema. Kicheko kilinishika nikaona aibu kuchekea mbele ya mkwe, nikaenda kuchekea nyumbani. Sasa nimekuja na wenzangu ambao hawakuona kabisa."

Baba akatazama huku na huku. Akamtazama mama; mama akatazama chungu. Taratibu sana akaanza kufungua vifungo, kimoja kimoja, akavua koti, akaligeuza ndani nje. Jekundu likalipuka uani na watu wakashusha pumzi kwa pamoja.

Alivuka mto mara nyingi siku ile. Alimvusha Shija, alimvusha mshenga, mwishoni alimvusha Mzee Makoye mwenyewe, aliyekuwa mzito na aliyekataa kushuka. Katikati ya mto wa mwisho wakakubaliana mahari, mmoja juu na mmoja chini, bila kubishania hata ndama. Ng'ombe wakaingia zizini, watu wakala vyungu vyote, na wakaondoka jioni wakiimba jina la baba.

Baba akalala palepale uani, koti limemfunika, amekwishiwa sauti. Mimi nilikuwa nakusanya vyungu vya watu, nikicheka peke yangu, nikamwambia mama kwamba kumbe kosa langu lilikuwa na faida, kwamba katika posa zote za Ngokolo hakuna iliyojaa kama yetu.

Mama alikuwa anakwangua ukoko wa mwisho. Akauweka kwenye bakuli, akamiminia maziwa, akanipa.

"Ng'ombe wamesifiwa," akasema. "Koti limesifiwa. Baba yako amesifiwa mpaka magoti yamemkataa. Tangu asubuhi hakuna hata mmoja aliyeuliza Kabula yuko wapi. Mpelekee, hajala."